Kuku Kumi wa Kurudi Lweba

Watu wa hapa husifu mkono wangu. Wanasema, mpe yule mama yai bovu, atakutolea jogoo. Wanakuja na vikapu kuomba mbegu, na wakishapokea jike na dume wananishika mkono wa kulia na kuusugua kwenye wao, eti bahati iwahamie. Ninawaacha wausugue. Mzee akikataa sifa anaonekana ana maringo. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na mkono huu ninaujua mimi.

Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja, hakuna aliyeandika. Ilikuwa ile miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wamekaa wakidhani watakaa milele. Shamba letu lilikuwa nyuma ya Baraka, pale ardhi inapoacha kuwa tambarare na kuanza kupanda. Baba alilima pamba kwa sababu alilazimishwa, na mihogo na mpunga kwa sababu tulitaka kula. Kuku walikuwa wa mama.

Ninaposema walikuwa wa mama, nina maana kazi ilikuwa ya mama. Aliwafungulia asubuhi, aliwafungia jioni, aliwapaka majivu walipoingiwa na utitiri, aliwatafutia majike wa kuatamia mahali pakavu. Hakuwala. Kwetu siku zile mwanamke hakula kuku wala yai. Ukiuliza sababu uliambiwa utazaa mtoto asiye na nywele. Nilipokuwa mkubwa nikaona sababu yenyewe: kuku ni mtamu na wanaume ni wengi.

Msimu wa kuku kwetu ulikuwa mwanzo wa mvua. Jua kali likishavunjika na mvua za kwanza zikipiga, mwezi wa tisa, mwezi wa kumi, ardhi inalainika na majike wote wanakuwa wakali kwa pamoja kwa sababu wana mayai chini yao. Vifaranga wakitoka, kazi yangu ilikuwa kupanda kwenye vichuguu nyuma ya shamba, kubomoa bonge kwa jembe, na kukimbia nalo nyumbani kabla mchwa hawajatawanyika. Nilipolipasua bonge chini, vifaranga walilivamia wakikanyagana. Kazi ya pili ilikuwa kumfukuza mwewe. Nilikaa na rundo la mawe tangu umande hadi jua kali, shingo ikiniuma kwa kutazama juu.

Msimu mmoja sikupoteza kifaranga hata mmoja. Mama alifurahi, akaniambia nichague mmoja awe wangu. Nilichagua kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, mwekundu, mbaya wa sura, ambaye hakuna mwingine angemtaka. Nilimchagua kwa sababu hiyohiyo. Katika nyumba ya watoto saba, ambamo hata kitambaa nilichovaa kilikuwa kimevaliwa na wawili kabla yangu, kishingo alikuwa kitu cha kwanza duniani ambacho niliweza kusema ni changu na hakuna aliyecheka. Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta ameanza kutafuta mahali pa kutaga.

Sasa nimtaje bibi yangu, Koko kama tulivyomwita, maana habari hii ni yake.

Bibi mzaa mama aliishi Lweba, ufukweni, peke yake. Mume wake alipofariki, mdogo wa marehemu aliteremka kutoka Fizi kumchukua. Ndiyo ilikuwa desturi: mjane hurithiwa pamoja na majembe. Bibi alikataa. Wazee wakaitwa, wakakaa siku nzima wakinywa pombe yake, na mwisho wakaamua hivi: kama mwanamke huyu anajilisha mwenyewe na anaezeka paa lake mwenyewe, abaki katika nyumba yake. Siku atakapoomba chakula kwa jirani, shemeji yake atakuja kumchukua na hakuna atakayemsikiliza tena. Yule shemeji alisimama, akajifunga nguo, akasema mbele ya wote, "Mi nitangoja. Kuku haiishi kama mulima."

Alisema kuku kwa sababu bibi aliishi kwa kuku. Alikuwa nao ishirini na zaidi. Wake wa wavuvi walimletea ndakala, dagaa wa ziwani, wakachukua mayai. Mtu wa chumvi alimpa chumvi akachukua jogoo. Vijana walimwezekea paa kwa majike wawili. Bibi alikuwa na mdomo mkali na mgongo ulionyooka, na aliwaambia wanawake wenzake bila kuona haya: "Nikiwa na kuku yangu, bwana mwingine wa nini?" Wanawake walicheka wakijifunika mdomo. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na ninalisema hilo wazi, kwa sababu mtu atakayesoma yanayofuata anaweza kulitilia shaka.

Mwaka ule kishingo alipokuwa karibu kutaga, ugonjwa uliingia Baraka. Wenye elimu wanauita mdondo. Sisi tulisema tu kuku wanasinzia. Kuku anasimama mahali pamoja, mabawa yameshuka, macho yamefumba, anaharisha kijani, na siku ya tatu au ya nne amekufa. Ulianza kwa jirani zetu wa upande wa ziwani. Kabla haujafika kwetu, kapita, msimamizi wa Serikali pale kijijini, alipita akipiga kengele na kutangaza amri kutoka Fizi: siku ya tatu atakuja mtu wa bwana shamba kuangalia kuku. Kila nyumba iwafunge wake wote, wasitoke, wasipelekwe popote, awakute.

Amri hiyo ilikuwa ya haki. Ninaiandika hivyo na kalamu inanikwaruza. Lakini ni nani angejua? Kila mara Serikali ilipotaka kuona kuku wetu, ilikuwa inataka kuwala. Mzungu akija kulala katika nyumba ya wageni ya Serikali, kapita alipita nyumba kwa nyumba: wewe jogoo, wewe mayai sita, wewe kuni. Hatukuwahi kuona amri ya kuku iliyoishia mahali pengine isipokuwa sufuriani. Tena safari hii walitaka wote, wamefungwa tayari!

Baba alirudi kutoka kwenye pamba akiwa amekwisha kusikia. Hakukaa hata chini.

"Banataka kumaliza yote," alisema. "Wote ba kijiji banakimbiza yao. Mama ya watoto, ya kwako inaenda ku Lweba kesho asubui."

Mama alisita. Alisema ugonjwa uko karibu, na mama yake ana kuku wengi.

"Yetu iko na ugonjwa? Umeona moja inasinzia?"

"Hapana. Bado."

"Basi."

Hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyofanya. Asubuhi ile njia zilijaa matenga kichwani. Mmoja alikuwa akienda kwa shangazi, mwingine kwa wakwe, mwingine alipandisha kwa rafiki wa baba yake huko Fizi kwenyewe, chini ya pua ya Serikali. Tulijiona werevu sana. Tulisalimiana njiani kwa kukonyezana. Werevu ule uliua kuku wengi kuliko mwewe wote wa mkoa.

Lakini sitajificha nyuma ya kijiji. Wao hawakujua. Mimi nilijua.

Asubuhi, mama alipokuwa akimfunga mdogo wetu mgongoni na baba akikata kamba, nilitumwa kuwatoa kuku bandani. Kishingo alitoka wa mwisho. Alisimama mlangoni, amevimbisha manyoya kama mtu aliyejifunika blanketi. Nilimshika. Nyuma yake palikuwa pamechafuka, kijani.

Nilijua maana yake kama ninavyojua jina langu. Nilijua pia kitakachofuata nikisema. Baba angemchinja palepale, maana kwetu kuku hakuachwa afe. Mgonjwa aliwahiwa kisu na kuingia chunguni. Kingeliwa kitu changu kimoja, nami nisingepewa hata mchuzi. Niliangalia kushoto na kulia. Nikachuma jani la mgomba, nikampangusa hadi akawa safi, nikamweka chini kabisa ya tenga, na juu yake nikawapanga wenzake sita.

"Yote iko sawa?" mama aliuliza akinitwika.

"Iko sawa, mama."

Nilitembea peke yangu tangu umande hadi jua la utosini. Njiani nilisimama mara mbili, nikaingiza mkono chini ya tenga kumpapasa. Alikuwa wa moto. Nilimwambia avumilie, tukifika Lweba atapona, maana kwa bibi kila kitu kilipona.

Bibi aliniona mbali, akaja kunipokea akipiga vigelegele kana kwamba nimeleta posa. Alinitua tenga. Nilimweleza habari ya amri, naye akatema mate chini kwa hasira, akasema Bulamatari, yaani Serikali, ana tumbo lisilo na mwisho. Kisha alianza kuwatoa kuku mmoja mmoja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo wasemavyo, na bibi alikuwa amekwisha kuandaa kamba saba. Alimzungusha kila kuku mara tatu juu ya mafiga ili aizoee nyumba, kisha akamfunga chini ya mchikichi, mbali na kuku wake. Hiyo ilikuwa desturi yake, siku tatu. Bibi hakuwa mjinga.

Alipomtoa wa saba, alimshika mkononi muda mrefu.

"Hii inasinzia nini?"

"Imechoka na njia, Koko. Ilikuwa chini ya ingine."

"Kwenu, hakuna ya kusinzia?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, Koko. Hii njo yangu. Mama alinipa."

Uso wake ukabadilika. Ningekubali kulisahau jina langu kama ningeweza kuusahau uso ule. Alifurahi, jamani. Alifurahi kwamba mjukuu wake wa kike ana kuku. Alinishika kidevu, akasema, "Yako? Mutoto wangu iko na kuku yake? Basi hii hapana ya kufunga na kamba. Hii ni mwenye nyumba." Alimnywesha maji ya pilipili, akampangusa shingo yake tupu kwa ncha ya kitenge, na akamwingiza bandani, katikati ya kuku wake ishirini na zaidi, mahali penye joto.

Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo ulikuwa wangu. Nilikula ugali na ndakala, nikalala, asubuhi nikarudi Baraka na tenga tupu, nikiimba.

Siku tulizopewa zilipotimia, yule mtu wa bwana shamba alikuja kweli. Alikuwa Mwafrika, kijana mwenye kofia na kitabu. Aliwakuta kuku wachache wa walioshindwa kuwaficha. Aliwaangalia macho, akawapanua midomo, akatuonyesha jinsi ya kuchimba shimo na kuchoma waliokufa, na akasema kwa upole kwamba jambo kubwa ni moja: asiwepo kuku wa kutoka kijiji kwenda kijiji. Watu waliitikia "Ndiyo bwana" wakitazama vidole vya miguu. Alikula kuku mmoja tu kabla ya kuondoka, wa kapita.

Habari zililetwa na wavuvi baada ya siku nane hivi. Mama alidondosha mwiko. Tuliondoka wawili, mama akienda mbele karibu anakimbia.

Ua wa bibi ulikuwa kimya. Mtu ambaye hajafuga kuku hawezi kujua ukimya ule. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya shimo hadi mapajani, akichimba, na pembeni mwa shimo kuku walikuwa wamelazwa kwa mstari, miguu imenyooka. Majirani walisimama mbali. Wao pia walikuwa wamepoteza kuku wao, na hawakumsalimia mama. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Ugonjwa wa Baraka umekuja na tenga." Bibi alitoka shimoni akaenda kumkabili, udongo mikononi.

"Tenga ya mutoto wangu ilikuwa na kuku muzima. Mi niliangalia kwa macho yangu. Unamwita mujukuu yangu muongo?"

Yule mwanamke aliinamisha kichwa. Mimi nilisimama nyuma ya mama, nikishika nguo yake.

Kisha bibi aliniita, akanipeleka nyuma ya nyumba. Chini ya kapu palikuwa na kishingo. Alikuwa hai. Ndiye pekee aliyekuwa hai katika ua wote; hata wale sita wa mama walikuwa wamekufa na kamba zao mguuni. Ugonjwa ulimwacha na alama: shingo ile tupu ilikuwa imepinda, kichwa kimegeuka upande, jicho moja linatazama mbinguni. Alipotaka kutembea alizunguka.

"Ona," bibi alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho hadi leo sijui niite nini. "Yote imekufa, yako imebaki. We uko na mukono muzuri. Mungu amekuonyesha."

Alinishika mkono huu wa kulia, akautemea mate kidogo katikati ya kiganja, akaufunga kwa vidole vyake. Hiyo kwetu ni baraka. Yeye ndiye aliyeanza hii habari ya mkono wangu, na aliwaambia wote, na wote waliamini kwa sababu hakuwahi kusema uongo.

Shemeji yake hakuchelewa. Mvua hazijakatika alikwisha kufika na wazee walewale, safari hii hawakuhitaji siku nzima. Walikuta chungu cha bibi kina mihogo ya kuomba. Majirani wenyewe ndio waliosema, kwa hasira ya kuku wao. Bibi hakubishana. Alizunguka nyumba yake, akafunga mlango kwa kamba, akasimama kidogo akitazama ziwa, kisha akanikabidhi kishingo ndani ya kapu.

"Kule hawataki mwanamuke afuge kuku yake mwenyewe. Nimeshauliza. We ilinde. Ikizaa na watoto yake wakizaa, zikifika kumi, utaniambia. Na kumi naanza tena. Nitarudi ku nyumba yangu."

"Ndiyo, Koko."

"Kumi tu. Sitaki mingi."

Alipanda Fizi akiwa nyuma ya yule mzee shemeji yake, mzigo kichwani. Maisha yake yote alikuwa ameamka akisikia maji. Kule milimani kulikuwa na baridi na ukungu, na samaki walifika wamekauka, au hawakufika. Mke mkubwa wa yule mzee alimpa kazi ya kulea watoto wasio wake na kulinda shamba la mtama dhidi ya ndege. Wakati wa kula alikaa karibu na mlango. Nilimwona hivyo kwa macho yangu, maana mama alinituma kumjulia hali kila baada ya mavuno.

Neno lake la kwanza halikuwa salamu. "Zimefika ngapi?"

Mara ya kwanza nilimwambia ukweli: kishingo ametaga, lakini kwa ile shingo yake hajui kuatamia, mama amemtafutia jike mwingine, wametoka watatu. Alipiga makofi. Mara ya pili nilisema watano. Nilikuwa ninawalinda kama macho yangu. Baba alipomtaka mmoja kwa ajili ya mgeni nililia hadi akaona aibu. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikimpelekea hao kumi, deni langu kwake litakuwa limekwisha, na sitalazimika kusema lolote. Hesabu ya mtoto, lakini niliishi nayo.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, walikuwa kumi na wawili. Nilimwambia mama tuwapeleke Lweba, tukamwite bibi. Mama aliacha kupeta mpunga.

"Ku Lweba iko wapi?" aliuliza.

Ndipo aliponiambia. Yule mzee alikuwa ameibomoa nyumba. Nguzo alimpa mpwa wake, mlango aliupeleka Fizi, na uani, pale penye mafiga, walikuwa wamepanda mihogo. Mama alijua tangu miezi mingi. Bibi peke yake ndiye hakujua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Ukienda ku Fizi," mama alisema, "useme hazijafika."

Basi nilipanda Fizi. Bibi alikuwa shambani, amekaa juu ya kiti cha matete, kamba ya kutikisia ndege mkononi. Alikuwa amekonda hadi masikio yameonekana makubwa.

"Zimefika ngapi?"

"Bado ziko tano, Koko. Mwewe anasumbua."

Alinitazama. Hakukasirika. "Mwewe iko na njaa yake," alisema. "Hapana kata tamaa. Mukono yako ni muzuri."

Nilimdanganya hivyo misimu mitatu. Watano, wanne, sita. Kuku wangu walijaa ua mzima wakati huo, watu walianza kuja kuomba mbegu, na mimi nilikuwa nimekuwa msichana wa kuposwa ambaye sifa yake kubwa ni mkono. Uongo wa kwanza nilisema nikiwa mtoto, kwa sababu ya kumpenda kuku. Huu wa pili nilitumwa na mama, kwa sababu ya kumpenda bibi. Uongo wa kwanza na wa pili ulimkuta mtu yuleyule, na aliupokea kwa mikono miwili.

Alikufa mwanzo wa mvua. Habari ilipotufikia baba alikuwa mgonjwa, hivyo tulipanda mimi na mama. Mama alisema hatuwezi kwenda kwenye matanga mikono mitupu. Nilishusha lile tenga kutoka darini, lilelile. Nikachagua kuku kumi, majike wanane na majogoo wawili, wote wakubwa, wote wenye afya. Safari hii niliwapanua midomo na kuwaangalia nyuma mmoja baada ya mwingine. Watatu walikuwa na shingo tupu.

Tulifika amekwisha kuzikwa. Tenga lilipotuliwa uani, wanawake walianza kutazamana, maana hawakuwa wameona kuku wa namna ile katika msiba wa mjane. Vijana walianza kuwachinja palepale. Wanaume walikula. Wanawake tulikaa na maharage. Yule mzee, shemeji yake, aliletewa firigisi kama ilivyo haki ya mwenye nyumba, zote kumi katika sahani moja, akawa anazitafuna polepole kwa meno yake machache.

"Kuku nzuri," aliniambia akifuta mdomo. "Iko ya nani?"

"Ya Koko."

Alicheka, si kwa ubaya. Alidhani msiba umenivuruga.

"Ya Koko yako? Mutoto, ule hakukuwa na kuku hata moja."

Nilitaka kumjibu. Mama alinikanyaga mguu. Niliokota lile tenga tupu, nikalikung'uta manyoya, na kulipeleka nje lisije likachomwa pamoja na kuni.